AFYA YA JAMAA: Maumivu ya kansa, tusiyafiche

Mwezi huu tuongee juu ya ugonjwa ambao watu wanautaja kwa sauti ya chini: kansa. Siandike juu ya kuiponya, hiyo ni kazi ya waganga. Naandika juu ya maumivu yake, kwa sababu yanaweza kupunguzwa hata kama ugonjwa wenyewe hauponi tena.

Kwa maumivu makali sana kuko dawa inaitwa morfini. Ya kunywa ni ya maji, ni chungu mdomoni. Uganda iliizoesha watu tangu 1993, wakati daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda. Mwaka 2004 nchi hiyo iliruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandikia wagonjwa. Hapa Rwanda serikali iliweka sera ya matunzo hayo mwaka 2011, na morfini ya maji inatengenezwa humu humu nchini.

Basi shida iko wapi? Iko katika maneno yetu. Tukisikia "morfini" tunasema: "Hiyo ni dawa ya kumalizia mtu." Ao: "Atakuwa mlevi wa dawa." Jamaa inaficha chupa, bibi analia usiku kucha, na mjukuu aliyekaa macho naye anakuja kusinzia darasani. Sisi walimu tunawaona watoto hao.

Musikie vizuri: morfini ikitolewa kwa kipimo cha muganga haiui mgonjwa. Mwenye kuinywa kwa sababu ya maumivu si sawa na anayeitafuta kwa kulewa. Siku za kwanza anaweza kusinzia ao kusikia kichefuchefu, kisha inapungua. Choo ndiyo kinakuwa kigumu, na hiyo haiishi yenyewe, kwa hiyo muombe pia dawa ya kulainisha.

Tangu 1986 Shirika la Afya Duniani (OMS) linafundisha: dawa ya maumivu ya kansa inywewe kwa saa. Tusingoje mgonjwa apige kelele. Morfini ya maji inatolewa kila masaa 4: kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Ile ya usiku, muuguzi ataeleza kipimo chake.

Wazee wetu wengi hawapendi kusema wanaumia, wanaona ni haya. Muwaulize kwa mkono: ngumi ni hakuna maumivu, kidole 1 ni kidogo, vidole 5 ni maumivu yasiyovumilika. Muandike kwenye karatasi asubuhi na jioni, muipeleke kituo cha afya. Muuguzi akiona vidole 4 kila siku, atajua dawa haitoshi, na anaweza kumtuma mgonjwa hospitali ya wilaya.

Mambo matatu ya kukumbuka: chupa iwekwe mbali na watoto, jirani asipewe hata tone, na dawa isikatwe ghafla bila kuuliza muganga.

Kuvumilia ni heshima, lakini mtu hapati zawadi kwa kuumia bure. Bibi akilala, nyumba nzima inalala, na mtoto anakuja shule na macho mazima.

Tuonane mwezi ujao. Mwenye swali, amuulize mshauri wa afya wa karibu naye.