Mwanagenzi na Hadhara

Ipo dhana iliyoota mizizi katika kisiwa hiki cha Unguja, na huku kwetu Kiwengwa imestawi kuliko mahali pengi, ya kwamba muziki ni mali ya mafundi, na kwamba mtu ambaye mkono wake haujaiva hana ruhusa ya kuwapigia watu. Ajifungie chumbani, akosee na arudie, na siku atakapokuwa fundi, kama siku hiyo itafika, ndipo atokeze hadharani. Wenye dhana hii walipopata habari kuwa wako watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu wao, ambao kila baada ya miezi kadhaa hufanya hafla kwa njia ya mtandao, kila mmoja akapiga kipande alichojifunza katika udi, fidla au akodiani, na wenziwe walioko Mombasa, Maskati na London wakamsikiliza, hawakuona ila mawili ya kusema: kwanza kuwa huo si muziki, na pili kuwa huko ni kujifedhehesha. Mzee mmoja barazani aliniuliza kwa huruma kabisa, "Maalim, na wewe umo? Hiyo ndiyo kazi ya mtu mzima?" Nimo. Na nakusudia kuonyesha kuwa dhana hiyo ni changa, haina nasaba katika nchi hii, na imetudhuru.

Mapokeo yetu yanasema kuwa ni Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliyeleta wapigaji wa taarabu kutoka Misri na kumpeleka Mohamed bin Ibrahim akasomee ala ya kanuni Cairo. Muziki huo ukakaa kasrini, ukipigwa na watu waliowekwa kwa kazi hiyo, ukimburudisha mfalme na wageni wake, na mkaazi wa mitaa ya Ng'ambo akiupata kwa bahati ya upepo tu. Walioushusha mitaani ni wanagenzi. Mwaka 1905 vijana wa mjini walioupenda muziki, wala hawakuwa wakila kwa muziki, waliasisi nadi, yaani klabu, wakaagizia ala kutoka Misri, na wakajifunza kuzipiga kwa kuzipiga, wakiwa na majirani wanaosikia kila kosa kupitia dirishani. Nadi yao wakaiita Ikhwani Safaa, kwa jina la wale wanazuoni wa Basra wa karne ya 10 ambao katika Rasaili zao waliona muziki unastahiki risala nzima pamoja na hesabu na falaki; na mimi kila nikiukumbuka uteuzi huo huona kuwa vijana wale walijua vyema wanachokifanya. Culture Musical Club iliyofuata mwaka 1958 nayo imesimama kwa wanachama wake, ambao wengi wao mchana huwakuta penginepo, ofisini au dukani. Na mwimbaji Siti binti Saad, mwana wa Fumba aliyekuwa akichuuza vyungu, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, alipoingia mjini alipata mafunzo kwa nani? Kwa mmoja katika wana nadi hao hao wa Ikhwani Safaa.

Basi waungwana wanaotuambia kuwa desturi ya Unguja ni kumweka mwanagenzi uani hadi aive, watuonyeshe desturi hiyo ilikaa wapi. Katika maulidi ya homu hakuna anayesimama mlangoni kupima sauti za waitikiaji. Katika ngoma ya harusi bibi mwenye sauti ya kukwaruza huimba kwa ghera kuliko wote, wala hakuna aliyepata kumwambia akajifunze kwanza.

Rai yangu ni kuwa dhana hii imetujia na biashara, nayo imekuja kwa awamu. Mwaka 1928 Siti na wapigaji wake walikwenda Bombay kurikodi santuri, na santuri hizo zikaenea pwani nzima. Neema kubwa, maana mtu wa Lamu akaisikia sauti ambayo asingeisikia umri wake wote. Walakini pamoja na neema hiyo likaingia jambo ambalo halikutangazwa: kuwa wako wachache wa kutoa muziki na wako wengi wa kuununua, na hao wengi kazi yao ni kukaa kimya. Redio ikaitia nguvu itikadi hiyo. Kisha zikaja hoteli, na ndipo Kiwengwa tulipozidi wengine, kwa sababu katika ufuo wetu huu muziki umekuwa idara mojawapo ya chakula cha usiku: kundi huja na sare zake, hupiga nyimbo zile zile ambazo mgeni ameshazisikia hoteli ya jirani, hulipwa na huondoka. Mimi siwalaumu, ni riziki yao ya halali. Nalaumu kilichobaki vichwani mwetu, kwani sasa kijana akikaa chini ya mvinje na gitaa lake huulizwa ni hoteli gani imemwajiri, ilhali wenziwe wanaocheza mpira mchangani maji yakitoka hakuna anayewauliza watasajiliwa na timu gani.

Ama kuhusu kauli ya kuwa muziki wa mtandaoni si muziki, ndani yake mna chembe ya kweli, na chembe hiyo naitoa mwenyewe kabla haijatolewa na wengine. Sauti hewani huenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hivyo wapigaji wawili walioachana mita kumi husikizana kwa kuchelewa kiasi cha sehemu thelathini katika elfu za sekunde. Ukipita hapo, mikono huanza kupotezana, na mtandao baina ya Kiwengwa na Maskati aghalabu huupita mpaka huo. Bashrafu ya watu kumi haipigiki hivyo. Mwaka 2010 Mmarekani Eric Whitacre alizikusanya sauti za waimbaji 185 wa nchi 12, kila mmoja ameimba peke yake kwao, zikaunganishwa zikawa kwaya moja. Kazi nzuri, lakini ni kazi ya aliyeunganisha. Hafla zetu ni nyepesi zaidi: kila mtu hupiga kwa zamu yake na wengine husikiliza. Kama huo si muziki kwa kuwa mwili wa mpigaji haupo mbele yetu, basi na wazee wetu waliokaa wakilia mbele ya gramafoni walikuwa wakililia nini?

Na wanaotwambia twende mjini tukajiunge na vyama vyenyewe, hao hawajapata kuingoja gari ya 117 ya huku kwetu. Mazoezi ni ya usiku, na usiku gari za shamba hazipo. Mama mwenye watoto wadogo, mtumishi wa hoteli anayetoka kazini saa nne, mzee asiyeona vizuri gizani, hawa wote wangengojea mpaka kufa. Wako pia wanawake ambao kwa staha zao hawataki jukwaa, nao hutupigia huku simu ikionyesha vidole vyao tu. Na vidole hivyo, nasema bila kutia chumvi, ndivyo bora katika hafla yetu.

Sikusudii kusema kuwa mwanagenzi ni sawa na fundi. Asemaye hivyo hajapata kumsikia fundi. Wala sizitetei hafla hizi kwa kila zilicho nacho. Zina maradhi mawili. La kwanza ni sifa za bure: mtu amepotea makamu ya wimbo toka mwanzo, naye hupewa mashallah ishirini, na hapana hata mmoja mwenye ikhlasi ya kumwambia kuwa uzi wa tatu umelegea. Wana nadi wa zamani wangemwambia, tena mbele za watu. La pili ni ila mbaya zaidi, nayo ni kurikodi mara arubaini, kukata hapa na kubandika pale, hata kipande kikatoka hakina kosa na hakina mtu. Huko ndiko kumtii yule yule aliyetwambia kuwa wasio mafundi wasionekane. Pigeni mara moja, mtume kilichotoka.

Limebaki shauri moja linalozungumzwa hivi sasa baina yetu, la kutafuta njia ya kutunza. Ukumbini mpenzi huinuka, hujongea kwa madaha na noti mkononi, akamtunza mwimbaji kwa neno ambalo limemgusa. Mtandaoni hilo halipo, na wako wanaotaka tutumiane pesa kwa simu badala yake. Mimi nimepinga, na kikao kijacho nitapinga tena. Pesa zikiingia, kwanza atapewa aliye hodari, kisha atapewa yeye tu, kisha wengine wataona haya kupiga mbele yake, na baada ya mwaka tutakuwa tumeijenga hoteli nyengine.