TAHARIRI: Linki ni udhamini, tusiiuze kwa bei ya mtumba

Kama umewahi kuandika mahali popote mtandaoni kwamba una biashara, tangazo hili lishakufikia. Linki elfu tano kwa bei ya raba za Gikomba, na ahadi kwamba kabla mwezi kuisha tovuti yako itakuwa ukurasa wa kwanza wa Google. Unalipa kwa M-Pesa. Risiti hakuna, na ukipiga simu baada ya wiki mbili, mteja hapatikani kwa sasa.

Wengi wameingia boksi, na hatuwacheki. Dada anayeoka keki Umoja au kijana anayetengeneza simu Kisumu anajua vizuri kwamba mteja wa leo hatembei mtaani akiuliza nani ana nini. Anauliza simu yake, anaangalia majina matatu ya kwanza, basi. Kutamani kuwa kati ya hayo matatu si dhambi. Shida ni kwamba tunauziwa kitu tusichokielewa, na wauzaji wengine ni sisi wenyewe vijana.

Linki ni yale maneno ndani ya ukurasa mmoja ambayo ukiyagusa yanakupeleka kwenye tovuti nyingine. Mwanzoni mitambo ya kusaka habari ilitegemea sana maneno yaliyo kwenye ukurasa wenyewe. Ukitaka kuonekana kwa viatu, unaandika "viatu" mara mia na umefika. Mwaka wa 1996 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walianza mradi uliotumia mbinu ya wasomi: andiko linalotajwa na maandiko mengine mengi huenda lina uzito. Kwa hivyo badala ya kuuliza ukurasa unajisemaje, wakauliza nani mwingine anauelekezea watu. Miaka miwili baadaye mradi huo ukawa kampuni ya Google.

Aliyewahi kuomba mkopo wa Sacco anaielewa hesabu hii bila kusoma kompyuta. Hupewi hela kwa sababu umejisifu kwenye fomu. Unaulizwa wadhamini wako ni kina nani. Na si idadi tu. Mdhamini mwenye akiba nzuri na ambaye hajadhamini watu wengi anabeba kuliko yule ambaye jina lake liko kwenye fomu za nusu ya ofisi. Linki iko hivyo hivyo. Katika hesabu ya kwanza ya Google, uzito wa ukurasa uligawanywa kwa linki zote zinazotoka humo, kwa hivyo ukurasa unaoelekeza watu kwa tovuti elfu moja ulikuwa unamgawia kila mmoja makombo.

Sasa rudi kwa zile linki elfu tano za bei ya raba. Zinatoka kwa nani? Mara nyingi ni kurasa ambazo hakuna binadamu anayezisoma, zilizoundwa na programu ili kubeba linki tu, au sehemu za maoni za tovuti zilizoachwa na wenyewe. Ni sawa na kuokota majina ya watu usiowajua na kuyajaza kwenye fomu ya mkopo. Karani akiwa na usingizi huenda ikapita, lakini Google haijalala kwa miaka mingi.

Mfano mkubwa ni wa duka la Marekani linaloitwa JCPenney. Msimu wa sikukuu wa mwisho wa 2010, ukitafuta magauni, matandiko au mazulia, lilikuwa linatokea la kwanza, likiwapita hata waliotengeneza bidhaa zenyewe. Februari 2011 gazeti la New York Times likafichua siri: kulikuwa na linki zilizopandwa kwenye tovuti nyingi zisizo na uhusiano wowote na magauni wala mazulia. Kampuni ilisema haikuidhinisha jambo hilo, ikaifuta kazi kampuni iliyokuwa ikiifanyia SEO. Lakini Google ilikuwa imeshachukua hatua. Jioni moja saa moja duka hilo lilikuwa namba moja kwa aina fulani ya masanduku ya safari. Saa tatu usiku huo huo lilikuwa namba 71. JCPenney ilikuwa na maduka ya matofali zaidi ya elfu moja na ingeweza kumeza hasara hiyo. Wewe ambaye duka lako lote ni simu na ukurasa mmoja, ukishuka hadi 71 umefunga.

Mwaka wa 2012 Google ikaleta Penguin, mfumo wa kuwaadhibu wenye linki za magendo. Tangu 2016 mfumo huo unafanya kazi papo hapo, na mara nyingi hausumbuki hata kukuadhibu. Unazipuuza tu hizo linki, kama hazipo. Hili ndilo wauza linki hawakuambii, na kwa maoni yetu ni baya kuliko adhabu, kwa sababu aliyeadhibiwa angalau anajua. Yule ambaye linki zake zimepuuzwa anadhani alinunua chache, anarudi kununua nyingine.

Upande wa pili wa biashara hii unatuuma zaidi, maana uko karibu na nyumbani. Vijana wengi waliomaliza chuo na kukosa ajira wanaandika makala za mtandaoni kwa malipo. Ni kazi halali na imelipia wengi kodi ya nyumba. Lakini anayeifanya anayajua yale maagizo: andika maneno 800 kuhusu usafiri au afya, na katikati ya aya ya tatu hakikisha maneno fulani yamebeba linki fulani. Ukiibonyeza, inaishia kwenye kamari ya nchi ambayo hujawahi kuisikia. Wewe unalipwa chai, dalali anachukua kitita, na mwenye kamari anapata udhamini wako. Jina lililo juu ya makala ni lako, si la dalali. Siku utakapoomba kazi ya maana na mwajiri asake jina lako, hicho ndicho kitakachotokea.

Tunajua jibu: njaa haina heshima. Sawa. Hatusemi uache kuandika. Tunasema uliza linki inaenda wapi kabla ya kuiweka, na kama imelipiwa, iwekwe wazi kwamba imelipiwa. Tangu 2005 kuna alama ya "nofollow" ambayo mwenye tovuti huibandika kwenye linki kuiambia mitambo ya kusaka kwamba hapa hakuna udhamini. Mwaka wa 2019 ikaongezwa ya "sponsored", maalum kwa matangazo. Ukiibandika, unaruhusiwa kuuza tangazo kama kawaida, kwa sababu unachouza ni nafasi ya kuonekana na wasomaji. Mteja anayekataa kabisa alama hiyo amekuambia mwenyewe alichokuja kununua.

Magazeti nayo yasijifanye watakatifu. Februari 2013 kampuni ya kuuza maua ya Uingereza, Interflora, ilipotea kwenye Google hata kwa mtu aliyeandika jina lake lenyewe, wiki chache tu kabla ya Siku ya Akina Mama ya huko. (Wakulima wa waridi wa Naivasha wanajua siku hiyo ina maana gani kwa biashara ya maua.) Ilikuwa imeweka makala za kulipiwa, zilizojaa linki, kwenye magazeti mengi ya mikoani. Interflora ilirudi katika muda usiozidi wiki mbili baada ya kusafisha. Magazeti yaliyopokea pesa hizo yalipunguziwa uzito pia. Yaliuza sahihi yao, na sahihi ikashuka thamani.

Hapa kwetu tuna kosa jingine, la uchoyo. Mwandishi anaenda Kibra au Nakuru, anamhoji kijana anayetengeneza makaa kwa taka, anampiga picha nzuri, anaandika makala tamu ya kurasa mbili. Lakini jina la tovuti ya huyo kijana halimo. Au limo bila linki, kwa hofu kwamba msomaji ataondoka. Makala inasomwa, inasahaulika, na kijana anaenda kununua linki elfu tano za bei ya raba ilhali gazeti lilikuwa na moja ya kweli na likamnyima. Idara za vyuo zinazojigamba kuhusu waliosomea kwao zinafanya vivyo hivyo. Kaunti zinazotoa tuzo za vijana zinaweka orodha ya washindi kwenye faili ya picha isiyobonyezeka. Hatuoni sababu. Linki moja haigharimu hata bando.

Kwa hivyo wahariri, tukiwemo sisi, tuache tabia hiyo. Tukimwandika mtu na kazi yake ina tovuti, tuielekeze. Hatulipwi kwa hilo na hatufai kulipwa.

Nawe mwenye biashara, kabla ya kutuma hata shilingi, fanya yale ya bure kwanza. Sajili biashara yako kwenye ramani za Google, kwa sababu mtu anayetafuta keki akiwa Umoja anaonyeshwa zilizo karibu naye, na hapo umbali na maoni ya wateja vina uzito mkubwa. Kisha keti, andika majina ya watu ambao tayari wanakujua na wana tovuti: anayekuuzia unga, hoteli unayoipelekea mzigo, chama cha waoaji na waolewaji kilichokupa oda, kanisa au msikiti uliohudumia hafla yake, shule uliyosomea, mwandishi aliyewahi kukutaja. Hao ndio wadhamini wako. Watumie ujumbe mfupi wa heshima, uwaombe waweke jina lako na linki. Wengine watakaa kimya, hiyo ni kawaida. Ukipata watano, tayari una kitu ambacho yule wa matangazo hawezi kukuuzia.

Na kama una ujuzi, andika kitu ambacho mwenzako atataka kukielekezea watu. Fundi wa simu anayeeleza kwa Kiswahili rahisi namna ya kutambua betri feki, kwa picha zake mwenyewe, ataelekezewa na watu asiowajua. Kurasa kama hizo za Kiswahili bado ni chache mno, na nafasi iko wazi kwa atakayeanza wiki hii.