Taa ya Injini Ikiwaka, Pima Oili Kwanza

Tuseme umetoka Juja asubuhi na watoto garini. Kabla hujafika Ruiru, taa ya njano ya injini inawaka. Gari likisimama linatetemeka. Fundi anachomeka mashine yake na kusoma P0011. "Sensa imekufa," anasema, na pesa za karo zaanza kukutoka mfukoni.

Subiri kidogo! Nambari hiyo ni malalamiko ya mgonjwa, si jina la ugonjwa. Inasema kemshafti, ile fimbo inayofungua valvu za injini, inatangulia kuliko ilivyoagizwa na kompyuta ya gari. Katika Toyota zenye VVT-i, ambazo zimejaa barabara ya Thika, kemshafti husogezwa kwa nguvu ya oili inayopitia valvu ndogo ya kudhibiti. Oili ikipungua au ikichafuka, valvu hiyo hukwama.

Kwa hivyo zima injini, chomoa kijiti upime oili. Ikiwa nyeusi na nzito, ibadilishe pamoja na filta, ukifuata uzito uliotajwa katika kitabu cha gari. Kisha valvu hiyo isafishwe na kupimwa. Sensa mpya ije mwisho, ikithibitishwa kwamba imeharibika.

Lakini ukisomewa P0016, usifanye mzaha. Kemshafti na krankshafti hazipatani. Huenda mnyororo umelegea au umeruka meno. Injini ikiwa inapiga kelele, usiiwashe tena. Gari livutwe hadi gereji. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.