Paa linavuja, na wewe unasema ni mpangaji tu?

Usiku huo mvua ilianza mwendo wa saa nne, na kama kawaida nikaamka kupanga mabeseni. Beseni la bluu karibu na mlango, sufuria ya ugali chini ya kona ya dirisha, halafu ule mtungi niliokata shingo nikauweka kitandani upande wa miguu. Nilikuwa nimezoea hiyo kazi hadi ningeweza kuifanya macho yamefungwa. Ploti yetu iko Kayole. Ni vyumba 12 vya mabati vinavyozunguka ua mmoja wa saruji, mfereji mmoja wa maji, vyoo viwili na mtaro unaopita katikati.

Nikiwa napanga hivyo, nikasikia jirani wa namba 5 akipiga nduru.

Alikuwa anachomeka chaja ya simu. Maji yalikuwa yameteremka ukutani kutoka kwenye paa hadi ndani ya soketi. Stima ikamrusha, akagonga kitanda, na mkono wake ukawa umekufa ganzi hadi asubuhi. Tulikimbia watu sita tukiwa na kandambili na tochi za simu, kila mtu akipiga kelele kwamba mwingine asimguse. Mzee wa namba 1 pekee ndiye aliyefikiria kwenda kuzima swichi kuu.

Yuko hai. Siku hizi hata huchekelea hicho kisa akiwa kwenye kibanda chake cha mitumba. Mimi bado sijaweza kukicheka.

Kwa nini? Kwa sababu sote tulijua. Ule ukuta ulikuwa umeloa tangu mvua za vuli za Novemba. Alikuwa amemwambia keateka mara tatu, na mara tatu akajibiwa, "Nitamwambia landilodi." Mimi mwenyewe nilikuwa nimeingia kwake kuazima pasi, nikaliona lile doa la manjano likishuka kuelekea soketini, nikanyamaza. Niliwaza, si nyumba yangu. Hata yangu si yangu.

Hilo ndilo neno tunaloishi nalo sisi vijana wa mjini: mimi ni mpangaji tu. Nairobi hii karibu kila kijana unayemjua amepanga, na kila mmoja anajiambia yuko hapo kwa muda. Mwaka mmoja, nikipata kazi nahama. Miaka minne baadaye bado uko kwenye keja ileile, na bomba linalodondoka ni lilelile lililokupokea siku ya kwanza. Mimi niliacha chuo muhula wa tatu karo ilipokosekana, nikaja hapa nikidhani ni kwa miezi sita. Sasa najua ni bati gani linalopiga kelele upepo ukitoka upande wa Njiru.

Hilo neno lina pande mbili. Sisi tunalitumia kukwepa kazi ndogo zinazotuhusu, na landilodi analitumia kukwepa kazi kubwa zinazomhusu. Ukilalamika unaambiwa, "Wewe si mpangaji tu? Ukiona hapakufai, hama." Na ukihama unakatwa depositi ya kupaka rangi ukuta ambao ulioza kwa sababu ya paa lake. Haki iko wapi hapo?

Wacha niwape kitu ambacho sikukijua hadi baada ya usiku huo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inasema kuna mambo ambayo mwenye nyumba anahesabiwa kuwa ameahidi hata kama hayakuandikwa popote. Akikukodisha sehemu tu ya jengo, yeye ndiye wa kutunza paa, kuta kuu, mitaro mikuu na sehemu mnazotumia pamoja, zikiwemo njia za kupita. Tena chumba cha kuishi kinafaa kuwa kinakalika siku unapoingia, na kibaki hivyo muda wote ukiwa ndani. Kifungu kinachofuata, cha 66, kinakugeukia wewe: utunze ulichopewa na ukirudishe kilivyokuwa, ila hudaiwi uchakavu wa matumizi ya kawaida. Rangi iliyofifia kwa miaka minne ni uchakavu wa kawaida. Mlango ulioupiga teke ukiwa na hasira za mpira, huo ni wako.

Mkataba unaweza kubadilisha baadhi ya haya, kwa hivyo soma kabla ya kutia sahihi. (Najua. Wengi wetu mkataba ni ujumbe wa M-Pesa na ufunguo.)

Shida ni mahali pa kulalamikia. Kuna ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, ambayo imekuwa ikilinda wapangaji wa nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi. Nionyeshe chumba cha Sh2,500 Nairobi chenye stima na choo nikifuate leo na godoro kichwani. Kwa hivyo wengi huishia kwa chifu, ama kwa kelele, ama kwa kuhama usiku.

Lakini sitaki kumpiga landilodi peke yake, maana hata sisi tuna yetu.

Chukua ule mtaro wa katikati ya ua. Aprili 2024, mafuriko yalipoikumba Nairobi na watu wakapoteza jamaa zao na nyumba kule Mathare na kwingineko, maji ya ploti yetu yalifika kwenye vizingiti vya milango. Sisi hatuko karibu na mto. Tulipozibua, unajua tulitoa nini? Nepi za watoto, nywele za bandia, mifuko, mafuta ya kupikia yaliyoganda kama sabuni, na kiatu kimoja cha kushoto. Hakuna landilodi aliyekuja usiku kutupa nepi humo. Mafuta ukiyamwaga yakiwa moto yanaonekana kama maji, lakini yakifika mbele yanapoa, yanaganda, yanashika nywele, nywele zinashika karatasi, na basi. Yaache yapoe kwenye sufuria, uyapanguse na gazeti, utupe kwenye pipa. Ni dakika moja tu.

Na ni nani huwa anazibua? Kwa miaka yote niliyokaa hapa, ni akina mama. Mama wa namba 3 na mama wa namba 9, wakiwa wameinama na fimbo na ndoo ya majivu, huku sisi vijana wanne wenye misuli ya gym tukiwaruka tukienda stejini. Siku moja mama wa namba 9 alinisimamisha. "Kijana wangu, hii maji ya kuoga ya nani inapita hapa? Si hata yako?" Nikajibu kwamba mimi nalipa kodi na pesa ya takataka kila mwezi. Aliniangalia tu, akaendelea kuchokora. Hilo jibu langu nalionea haya hadi leo.

Taa ya ua nayo ilikuwa na kesi yake. Balbu iliungua Januari. Balbu! Ilikaa gizani wiki saba kwa sababu kila mtu alikuwa anangoja mwingine, na tokeni za ua tunachanga, kwa hivyo aliyekuwa hajachanga aliogopa hata kuitaja. Msichana mmoja akaporwa simu akienda choo saa tatu usiku, ndani ya geti letu wenyewe. Kesho yake tulichanga ishirini ishirini, na bado tukabaki na chenji.

Mambo kama haya hakuna shule iliyotufundisha. Nimesoma masomo manane ya sekondari na nikakaa chuo kwa mihula miwili, na sikujua bomba linadondoka kwa sababu gani. Niliamini ni lazima uite fundi, na fundi akija anakuangalia usoni kwanza ndipo anataja bei. Mzee wa namba 1 ndiye aliyenionyesha. Alifunga koki kuu, akafungua kichwa cha mfereji kwa spana, akatoa mpira mdogo mweusi ulioliwa upande mmoja, akanitumia dukani kwa vifaa vya ujenzi nikanunue mwingine. Nilirudi na chenji ya shilingi hamsini. Akaniambia, "Sasa funga wewe." Nikafunga, nikakaza kupita kiasi, akanifanya nifungue tena. "Polepole, kijana. Hii si bolti ya lori." Mfereji uliokuwa ukitulipisha maji ya bure tangu mwaka uliotangulia ukanyamaza.

Tangu hapo nimejifunza kuziba matundu ya misumari ya paa kwa lami. Mara nyingi mabati huvuja hapo kabla hata ya kutoboka, maana kile kimpira chini ya kichwa cha msumari kinakauka kwa jua na kupasuka. Panda asubuhi kabla bati halijashika moto, mtu akushikie ngazi, na ukanyage mahali palipopigwa misumari, maana chini yake kuna mbao. Ila kama mbao zenyewe zimeoza, shuka. Hiyo tena si kazi ya lami, ni kazi ya mwenye nyumba.

Stima nayo, tafadhali, usiguse. Video ya dakika tatu haikufanyi uwe fundi. Mafundi wa stima hupewa leseni na EPRA, na una haki ya kumwuliza fundi anayeletwa na keateka aonyeshe yake. Ukiona ukuta umeloa karibu na soketi ama swichi, zima swichi kuu kwanza, usichomeke chochote, kisha ulete kelele. Ukisikia kijimshtuko kidogo bafuni ukishika koki ya shawa ya stima, usiseme imezoea. Kuna waya wa usalama ambao haupo ama umekatika.

Hapo kwa kelele ndipo nimebadilika zaidi. Siku hizi sisemi na keateka kwa mdomo pekee. Napiga picha, natuma kwa landilodi mwenyewe pamoja na tarehe, na ninahifadhi. Siku ya kuingia kwenye nyumba, kabla hata hujapanga kitanda, zunguka na simu upige picha ya kila ufa, kila kioo, kila doa. Rafiki yangu wa Umoja alirudishiwa depositi yake karibu yote kwa sababu ya picha 11 alizopiga siku ya kwanza. Mimi nyumba iliyotangulia nilikatwa nusu nzima, na sikuwa na hata picha moja ya kujitetea.

Baada ya kisa cha namba 5 tuliandika barua moja, wapangaji wote 12, tukaweka na picha ya ile soketi iliyoungua. Landilodi alikasirika kwanza, akasema tunamchochea. Mama wa namba 3 akamwambia kwa heshima zote, "Baba, mtoto angekufa hapa, si ungekuja kutoa pole?" Wiki iliyofuata fundi alikuja. Alibadilisha mabati matano na waya za vyumba vitatu. Vyumba vingine tisa bado tunasubiri, na changu ni mojawapo, kwa hivyo beseni la bluu bado liko karibu na mlango.

Kuhusu mtaro, sasa kuna orodha imebandikwa karibu na mfereji, nyumba moja kila Jumamosi, bila kuuliza kama ni mwanamke au mwanamume. Jamaa wa namba 11 amekosa zamu yake mara mbili, eti yuko bize. Jumamosi hii ni namba 7. Huyo ni mimi, na majivu nimeshaazima kwa mama wa namba 9.