Mtoto ambaye daraja lake limeanguka asifokewe, apewe karatasi nyingine

Mjini Goma na katika vijiji vya kando yake, mtoto asiyenunuliwa kitu cha kuchezea hukitengeneza mwenyewe. Kopo la samaki linakuwa gari, vifuniko vya chupa vinakuwa magurudumu, vijiti vinakuwa chukudu ndogo ya kubebea mchanga. Gurudumu likichomoka, mtoto analiangalia, anapanua tundu, anajaribu tena. Kisha anaingia darasani, na huko kazi inakuwa moja: kunakili yaliyo ubaoni bila kukosea.

Hapo ndipo shule inapoteza kitu. Mtoto aliyezoea kujaribu anafundishwa kwamba kukosea ni aibu. Walimu na wazazi wanaweza kubadilisha hali hiyo bila kungoja mradi wala msaada, kwa kuwapa watoto kazi ya kujenga, hata kama ni nusu saa tu kwa juma.

Jambo hili si geni Kivu. Chukudu, ambayo sanamu yake ya rangi ya dhahabu inasimama katikati ya Goma, ni kazi ya mafundi waliokuwa na shida ya kweli: namna ya kufikisha makala, maharagi na viazi mjini bila motokari. Wakachonga mbao, wakavika magurudumu mpira wa tairi kuukuu ili yastahimili mawe ya volkano. Huko Marekani, Jumba la Sayansi la Boston linawafundisha watoto wa shule za msingi hatua tano za kazi ya namna hiyo: uliza, waza, panga, jenga, boresha. Fundi wa chukudu anazifuata hatua hizo kila siku, hata kama hajawahi kuzisikia zikitajwa.

Mwalimu anaweza kuanza na karatasi moja ya kaye. Aweke mawe mawili, nafasi ya sentimita 15 katikati, halafu aulize: nani atatengeneza daraja la kubeba vijiwe vingi? Karatasi iliyolazwa tu itabonyea mara moja. Ikikunjwa mikunjo midogo midogo kama bati, karatasi ile ile itabeba zaidi. Watoto wahesabu vijiwe, waandike, wakunje upya. Siku hiyo watajua kwa nini bati la nyumba lina mawimbi.

Kazi ya pili inawagusa zaidi wahami. Vijiti vinne, kamba, na kipande cha mfuko wa plastiki mahali pa bashi. Watoto wajenge kibanda kidogo juu ya mawe, mahali ambapo kijiti hakiwezi kuchimbiwa chini. Mwalimu amwage kikombe cha maji juu yake. Je, maji yanateremka au yanatuama katikati na kuvuta paa chini? Familia nyingi zimelala chini ya paa la namna hiyo, na zinajua jibu la swali hilo usiku wa mvua. Mtoto akigundua kwamba mwinamo ukiongezwa maji yanakimbia, amepata jambo la kwenda kuonyesha nyumbani.

Lakini kazi hizi zina sharti moja: alama zitolewe kwa jaribio la pili. Mtoto ambaye daraja lake limeanguka aulizwe limeanzia wapi kuanguka, kisha apewe nafasi ya kurudia. Akichekwa au akifokewa, kesho atanakili daraja la jirani yake, na somo litakuwa limekufa. Wasichana nao wasiachiwe kazi ya kufagia tu wakati wavulana wanajenga. Wao ndio mara nyingi wanabeba bidoni ya lita 20 kutoka mtoni au kwenye bomba, basi wana mengi ya kusema juu ya namna ya kupunguza uzito ule mgongoni.

Walimu watajibu kwamba madarasa yamejaa, mishahara ni shida, na mtihani wa mwisho wa darasa la sita hauulizi habari za madaraja ya karatasi. Ni kweli. Lakini watoto watano watano wanaweza kutumia karatasi moja. Tena kupima sentimita, kuhesabu na kulinganisha ni hesabu ile ile ya mtihani, ila imepewa mikono.

Kuna onyo moja lisilosahaulika. Vita vimeacha vitu vinavyolipuka mashambani na kando ya njia. Mtoto anayetafuta vyuma vya kujengea anaweza kuokota kifo. Vifaa vitoke nyumbani na shuleni: karatasi, vijiti, kamba, makopo. Chuma kisichojulikana hakiguswi. Mtoto aondoke, akamwite mtu mzima.

Kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa Februari 2025, familia ziliondoka na godoro, sufuria na bashi. Kaye nyingi zilibaki nyuma au zililowa. Mtoto aliyejifunza kuuliza kwa nini kitu kimeanguka, na kukisimamisha tena vizuri zaidi, hakuhitaji kaye ili kuondoka na somo hilo. Popote familia itakapofunga kamba zake tena, mzazi amwite mtoto huyo, amuulize upande gani paa liinamishwe. Na akijibu, asikilizwe.