Data ya Kaunti Tuidai, Majina ya Watu Tuyaache



Ukitaja udukuzi hapa kwetu, mtu anamfikiria yule jamaa anayekupigia simu akijifanya ametoka kampuni ya simu, dakika mbili pesa zako hazipo. Mimi leo naongea juu ya udukuzi wa kiraia. Huu ni pale vijana wanapochukua taarifa zilizolala kwenye mafaili ya serikali, za bajeti, za maji, za taa za barabarani, wakazifungua na kuzipanga mpaka mama muuza mahamri Kisauni anaweza kuzisoma na kuuliza: hii taa iliyolipiwa iko wapi?

Na tusidhani ni mambo ya wazungu. Mwaka 2005 tovuti ya Bunge letu ilifungwa baada ya baadhi ya wabunge kulalamika kwamba wasifu wao umewekwa hadharani. Fikiria, mheshimiwa anaona haya kwa vyeti vyake mwenyewe! Ory Okolloh na Conrad Akunga wakaanzisha yao, Mzalendo, wakawa wanafuatilia nani anasema nini bungeni. Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, ikazaliwa Ushahidi, watu wakituma ripoti za ghasia na kuwekwa kwenye ramani. Mwaka 2009 Kibera, mtaa wa maelfu kwa maelfu ya watu, ilikuwa doa tupu kwenye ramani za intaneti. Vijana 13 wa hapo hapo wakafunzwa kutumia GPS, wakatembea kichochoro kwa kichochoro wakiandika vyoo, zahanati, shule na mabomba ya maji. Hiyo ndiyo Map Kibera.

Serikali nayo ikaamka. Julai 2011 Rais Kibaki alizindua tovuti ya data huria na makofi yakapigwa kweli kweli. Baadaye mafaili mengi yakabaki yale yale bila kusasishwa. Kwa maoni yangu hilo lilitarajiwa. Ofisi zilikuwa zinaombwa kwa hisani, na ofisa hatoi kwa hisani kitu kinachoweza kumuuliza maswali.

Leo hatuombi hisani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeweka utaratibu. Unaandika ombi kwa Kiingereza au Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili, kimetajwa kwenye sheria yenyewe. Hulazimiki kueleza unaitakia nini. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na kama ni suala la uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Asiyejua kuandika anasema kwa mdomo na ofisa anamwandikia. Sasa niambie, ni wangapi kati yetu tumewahi kuandika hata ombi moja? Kulalamika kwenye makundi ya WhatsApp tunajua sana.

Lakini kuna upande wa pili, na huu unatuhusu sisi Waislamu zaidi ya wengine.

Mji wa New York ulipitisha sheria ya data huria mwaka 2012, na faida ilionekana. Ben Wellington alipitia data ya faini za maegesho akagundua polisi walikuwa wanawaandikia faini madereva walioegesha mahali ambapo sheria ilikuwa inaruhusu, na waliendelea hivyo kwa miaka. Polisi wenyewe wakakubali kosa. Raia mmoja na kompyuta yake. Hapo sote tunapiga takbir.

Mji huo huo, mtu mwingine aliomba kisheria rekodi za safari za teksi za mwaka 2013. Akapewa, zaidi ya safari milioni 170: wapi abiria alipanda, wapi alishuka, saa ngapi. Namba za magari na leseni za madereva zilikuwa zimefichwa, ila zilifichwa vibaya. Juni 2014 mtaalamu mmoja, Vijay Pandurangan, alionyesha kwamba zinaweza kufumbuliwa zote kwa chini ya saa mbili. Mwanzoni mwa 2015 mtu akaitazama data hiyo akatafuta teksi zinazosimama kila siku nyakati za swala. Wakatokea. Madereva Waislamu, mmoja mmoja, wametambulika kwa swala zao tu. Hakuna aliyewauliza dini yao, na hakuna mahali walipoiandika.

Kumbuka huo ndio mji ambao mwaka 2011 waandishi wa habari walifichua kwamba polisi walikuwa na kitengo cha siri kilichochora ramani ya misikiti, mikahawa na maduka ya Waislamu. Kitengo kilivunjwa 2014. Sasa jiulize, data kama ile ya teksi ingewarahisishia kazi kiasi gani?

Kuna watu wataniambia, "Kama hujafanya kosa, unaogopa nini?" Wallahi hilo swali halijawahi kuulizwa na mtu anayesimamishwa kituo cha ukaguzi kwa sababu ya jina lake. Yule dereva hakufanya kosa lolote. Aliegesha gari akaswali Adhuhuri.

Kwa hiyo ninapodai uwazi, nadai uwazi wa wenye mamlaka. Pesa za umma, kandarasi, miradi, mishahara ya wakubwa, hizo zitoke zote. Maisha ya mwananchi wa kawaida ni habari nyingine, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko upande wetu. Chukua basari. Kuna wadi orodha inabandikwa ukutani: jina kamili la mtoto, shule, na huyu ni yatima. Kila mpita njia anasoma. Halafu uliza jumla ya pesa zilizotolewa na vigezo vilivyotumika, utasikia "rudi wiki ijayo." Wametuwekea wazi cha kufichwa, wakaficha cha kuwekwa wazi. Sisi tuombe idadi ya waliopata, kiasi, shule na vigezo. Jina la yatima hatulihitaji.

Kazi ni hii. Mombasa kuna wadi 30. Kila kikundi cha vijana kichukue wadi yake na kitu kimoja tu, taa za barabarani kwa mfano. Andikeni kwa ofisi ya kaunti: "Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba orodha ya taa zilizowekwa katika wadi yetu mwaka wa fedha uliopita, mahali zilipo, gharama na mkandarasi." Wekeni tarehe, na nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Kisha tembeeni usiku mkahesabu. Zikipita siku 21 kimya, mna siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Ombudsman. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanafika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, kwa hivyo ombi la Januari lina maana kuliko la Juni. Mkijibiwa au mkinyimwa, tuma picha ya barua inbox, tuiweke hapa. Ila futa namba yako ya simu na ya kitambulisho kwanza.