Feki Hazijaua Birkin, Lakini Dior Ina Kesi ya Kujibu

Desemba 2024, mkoba unaofanana na Birkin ya Hermès uliuzwa kwenye tovuti ya Walmart kwa kama dola 80. Wamarekani wakaubatiza "Wirkin" na ukaisha chap chap. Wasee wakasema basi, Hermès imeisha.

Wapi! Julai 2025, Birkin ya kwanza kabisa, ile ya Jane Birkin mwenyewe, ilipigwa mnada Paris kwa zaidi ya euro milioni 8. Na hata leo, unaweza kuingia dukani na doh yako mkononi na bado uambiwe hakuna. Hiyo "hakuna" ndiyo wanauza.

Moto uko kwa Dior. Mwaka 2024, uchunguzi huko Milan ulionyesha begi la euro 2,600 dukani lilikuwa linashonwa na mkandarasi kwa euro 53 tu, bila kuhesabu ngozi. Sasa mteja anajiuliza: nalipia ufundi ama jina?

Kwa hivyo wewe mwenye copy ya mtaani, tulia. Si wewe unawaharibia jina. Wanajiharibia wenyewe.